Mgeni Aliyealikwa: Marekani, Ulaya na Kisiwa cha Greenland

Mzee mmoja wa jumuiya ndogondogo alinisubiri mlangoni mwa kanisa baada ya Misa ya kwanza. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema, na kabla sijamaliza kumwitikia alikuwa ameshafika kwenye jambo lake. "Padre, nimesikia redioni kwamba Marekani inakitaka kisiwa cha Denmark, na Rais wao amekataa kuahidi kwamba hatatumia jeshi. Sisi tulifundishwa kwamba hao ni wa jumuiya moja ya kujihami. Mtu anawezaje kumtishia yule aliyeapa kumlinda?" Nilimjibu kwa maneno machache, kwa kuwa waamini wa Misa ya pili walikuwa wameanza kuingia, lakini jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi niliyelitoa. Haya ninayoyaandika leo ni deni langu kwake.

Aliyoyasikia mzee huyo ni kweli. Tarehe 7 Januari 2025, siku 13 kabla ya kuapishwa kwa muhula wake wa pili, Donald Trump aliulizwa na waandishi wa habari kama angeweza kuuhakikishia ulimwengu kwamba hatatumia nguvu za kijeshi wala shinikizo la kiuchumi ili kuipata Greenland. Alijibu kwamba hawezi kutoa hakikisho hilo. Greenland ni sehemu ya Ufalme wa Denmark, na Denmark ni mojawapo ya mataifa 12 yaliyotia saini Mkataba wa Washington tarehe 4 Aprili 1949, mkataba uliozaa Jumuiya ya Kujihami ya NATO. Wengi walilichukua jambo hili kama vituko vya mtu mmoja. Nadhani kulitazama hivyo tu ni kupitwa na jambo zito zaidi, na msomi aliyenisaidia kuliona ni mwanahistoria wa Norwe, marehemu Geir Lundestad.

Lundestad alizaliwa mwaka 1945 huko Sulitjelma, mji mdogo wa migodi kaskazini mwa Norwe, karibu na mpaka wa Uswidi. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Tromsø, na kuanzia mwaka 1990 hadi 2014 aliiongoza Taasisi ya Nobel mjini Oslo, akiwa pia katibu wa kamati inayotoa Tuzo ya Amani. Wengi walimfahamu kwa kazi hiyo ya pili. Lakini wanafunzi wa uhusiano kati ya Marekani na Ulaya wanamkumbuka zaidi kwa makala moja aliyoichapisha mwaka 1986 katika jarida la utafiti wa amani linalohaririwa mjini Oslo. Katika makala hiyo alidai kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili Marekani ilijijengea himaya katika Ulaya ya Magharibi, ila himaya hiyo ilijengwa kwa mwaliko. Neno himaya alilitia katika alama za nukuu, na katika kichwa cha makala akaweka alama ya kuuliza. Alikuwa mtu mwangalifu. Kwa himaya hakumaanisha koloni lenye gavana na kodi ya kichwa. Alimaanisha mpangilio wa mataifa ambamo mmoja ana nguvu kuliko wengine wote, na wengine wanalijua hilo na kulizingatia katika kila wanaloamua.

Wakati huo wanahistoria walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema Wamarekani walivuka bahari kwa wema mtupu ili kuulinda uhuru, na wapo waliosema walivuka kutafuta masoko na kutawala. Lundestad alikwenda kusoma nyaraka za upande wa pili, upande wa wenyeji, na huko akakuta maombi. Marekani yenyewe ilikuwa na haraka ya kuondoka. Jeshi lake lililokuwa na watu wapatao milioni 12 mwaka 1945 lilikuwa limepungua hadi takriban milioni moja na nusu miaka miwili baadaye. Waliohangaika kuwazuia wasiondoke walikuwa Wazungu wenyewe.

Wa kwanza kati yao alikuwa Ernest Bevin, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, mtu aliyefiwa na mama yake akiwa mtoto, akaacha shule mapema, akafanya kazi za kibarua kabla ya kuinuka na kuwa kiongozi wa wafanyakazi. Februari 1948 Wakomunisti walitwaa madaraka mjini Prague. Mwezi uliofuata, Norwe ilianza kuhofia kwamba Moscow ingeidai itie saini mkataba kama ule uliokuwa ukitakiwa kwa Ufini. Bevin alipeleka ujumbe Washington akihimiza yafanyike mapatano ya ulinzi ya mataifa yanayopakana na Atlantiki. Mazungumzo ya siri yalifanyika katika makao makuu ya jeshi la Marekani kati ya Wamarekani, Waingereza na Wakanada, ingawa usiri huo ulikuwa wa kuchekesha, kwa sababu mmoja wa wajumbe wa Uingereza, Donald Maclean, alikuwa jasusi wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka mmoja baadaye mkataba ulitiwa saini.

Hata hivyo mwaliko ulikuwa na masharti yake. Norwe, kabla ya kujiunga, ilijaribu kwanza kuunda ulinzi wa pamoja na Uswidi na Denmark, na jaribio hilo lilipovunjika mwanzoni mwa 1949 ikaelekea Washington, lakini ikatangaza kwamba haitaruhusu kambi za majeshi ya kigeni katika ardhi yake wakati wa amani. Mgeni alikaribishwa sebuleni, kitanda hakutandikiwa. Wala si wote waliomkaribisha. Nchini Iceland, taifa lisilo na jeshi, watu walipambana na polisi nje ya Bunge mjini Reykjavík tarehe 30 Machi 1949, siku wabunge walipopitisha kujiunga. Ufaransa na Italia mamilioni walivipigia kura vyama vya kikomunisti. Na miongoni mwa waasisi wa jumuiya hii iliyojitambulisha kama ngome ya uhuru ilikuwamo Ureno ya Salazar, iliyokuwa chini ya udikteta na yenye makoloni barani Afrika. Lundestad hakuyaficha haya. Alisisitiza tu kwamba serikali nyingi za Ulaya ya Magharibi, zilizochaguliwa na wananchi wao, ziliomba.

Ushahidi ninaouona kuwa na uzito kuliko yote ni ule wa mgeni kuombwa aondoke. Machi 1966 Jenerali Charles de Gaulle, Rais wa Ufaransa, aliamua kuyatoa majeshi yake katika uongozi wa pamoja wa NATO, akawataka Wamarekani wafunge kambi zao zote katika ardhi ya Ufaransa. Washington ilikasirika sana. Lakini walifungasha na kuondoka ndani ya takriban mwaka mmoja, na makao makuu ya jumuiya yakahamia Ubelgiji, yaliko hadi leo. Miaka kumi kabla ya hapo, Hungaria ilipotangaza kwamba inajitoa katika Mapatano ya Warsaw, vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest na watu wapatao elfu mbili na mia tano wakafa. Mwaka 1968 ikawa zamu ya Prague. Anayesema kwamba kambi zile mbili zilikuwa kitu kimoja chenye bendera tofauti, yampasa kwanza ajibu swali hili: ni nani aliyeruhusiwa kumwambia mgeni wake kwaheri?

Sisi pia tuliionja vita ile baridi ya Ulaya, na vijana wengi hawalijui hilo. Mara baada ya Muungano wa 1964, Ujerumani ya Magharibi ilitaka Tanzania iuondoe uwakilishi wa Ujerumani ya Mashariki uliokuwa Zanzibar. Serikali yetu ilipokubali ubalozi mdogo wa Ujerumani ya Mashariki uwepo Dar es Salaam, mwaka 1965 Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere hakubembeleza. Aliwaambia waondoe na misaada mingine yote ya serikali yao. Uamuzi ule ulikuwa na gharama, na tuliilipa. Lakini tulikuwa na uwezo wa kuufanya.

Turudi Greenland, kwa maana huko ndiko wazo la Lundestad linakopata mtihani mgumu, na huko ndiko swali la mzee wangu lilikoanzia.

Mwaliko wa kwanza kwa Wamarekani katika kisiwa hicho ulitolewa na mtu mmoja asiyekuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Aprili 1940 Wajerumani waliivamia Denmark. Balozi wa Denmark mjini Washington, Henrik Kauffmann, aliamua kwamba serikali iliyo chini ya mtutu wa Hitler haiwezi kumwagiza kitu, na tarehe 9 Aprili 1941, mwaka mmoja kamili tangu uvamizi, alitia saini mapatano ya kuwapa Wamarekani haki ya kujenga vituo vya kijeshi Greenland. Copenhagen ilimfuta kazi na kumfungulia mashtaka ya uhaini. Vita vilipokwisha, Mei 1945, Bunge la Denmark liliyaridhia mapatano yale, na mhaini akawa shujaa.

Kisha ikaonekana kwamba mgeni amependa nyumba. Mwaka 1946 Marekani ilitaka kuinunua Greenland kwa dola milioni 100 za dhahabu, na Denmark ikakataa. Badala ya mauzo, Aprili 1951 ulitiwa saini mkataba wa ulinzi wa kisiwa, unaoipa Marekani uhuru mpana sana wa kujenga na kuendesha vituo huku bendera ya Denmark ikiendelea kupepea. Kituo kikubwa kuliko vyote kilijengwa Thule, kaskazini kabisa, mahali ambapo leo panaitwa Pituffik.

Mpendwa msomaji, naomba tusimame kidogo hapa. Mwaka 1951 Greenland ilikuwa bado koloni. Wenyeji wa kisiwa hawakuwapo mezani wakati Denmark ikimkaribisha mgeni katika nchi yao. Miaka miwili baadaye, Mei 1953, familia za wawindaji wa Kiinughuit zilizoishi jirani na Thule zilipewa siku chache tu za kuyahama makazi yao na kwenda zaidi ya kilomita 100 kaskazini, ili kituo kipanuliwe. Wiki chache baada ya hapo katiba mpya ya Denmark ilitangaza kwamba Greenland si koloni tena. Mwaka 1999 mahakama ya Denmark ilikiri kwamba watu wale walitendewa isivyo haki, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikathibitisha na kuwapa fidia, lakini ardhi hawakurudishiwa.

Na kuna siri nyingine. Denmark iliwatangazia raia wake kwamba hairuhusu silaha za nyuklia katika ardhi yake. Tarehe 21 Januari 1968 ndege ya kivita ya Marekani aina ya B-52 ilianguka kwenye barafu karibu na Thule ikiwa na mabomu manne ya haidrojeni. Mabomu hayakulipuka kinyuklia, lakini sumu ya plutoniamu ilitawanyika, na wafanyakazi Wadenmark na wenyeji wa Greenland wakatumwa kusafisha barafu ile katika giza na baridi kali. Ilichukua hadi mwaka 1995 ndipo ikafahamika hadharani kwamba mwaka 1957 Waziri Mkuu wa Denmark, H. C. Hansen, alikuwa amewaandikia Wamarekani barua ya siri iliyoonyesha kwamba serikali yake haitapinga silaha hizo kuwekwa Greenland. Mwaliko, kumbe, ulikuwa na ukurasa ambao waliokuwa wakialika kwa kura zao hawakuonyeshwa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanaonyesha mahali ambapo nadharia ya msomi wetu inahitaji kuongezewa neno. Serikali ikialika, haina maana kwamba watu wote wa nyumba wamealika. Lakini pia yanaonyesha ajabu ya madai ya mwaka 2025. Kwa mkataba wa 1951, ambao bado unafanya kazi, Marekani inaweza kuomba karibu kila kinachohitajika kwa ulinzi wa kaskazini: viwanja vya ndege, rada, bandari. Ni Marekani yenyewe iliyopunguza vituo vyake baada ya vita baridi hadi kikabaki kimoja. Mgeni mwenye funguo za vyumba vyote anadai hati ya nyumba. Na wenye nyumba, watu wapatao 57,000 ambao tangu mwaka 2009 wana sheria inayotambua haki yao ya kuamua kujitenga na Denmark wakipenda, walipoulizwa katika kura ya maoni ya Januari 2025, asilimia 85 walisema hawataki kuwa sehemu ya Marekani.

Je, kwa nini hili liwe na uzito kwa ulinzi wa Ulaya nzima, wakati hakuna askari aliyevuka mpaka? Jibu liko katika Kifungu cha 5 cha Mkataba wa Washington. Kifungu hicho husemwa kwa kifupi kwamba anayemshambulia mmoja amewashambulia wote. Wanaokisoma hadi mwisho hukuta kwamba kila mwanachama atachukua hatua ambayo yeye mwenyewe ataona inafaa. Maneno hayo yaliwekwa kwa sababu Seneti ya Marekani isingekubali kufungwa mikono katika suala la kuingia vitani. Maana yake ni kwamba kinachomzuia adui asishambulie mji wa Estonia hakimo katika maandishi. Kimo katika imani ya yule adui kwamba Washington itakuja, na katika imani ya Tallinn kwamba inaweza kulala usingizi. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi.

Kifungu hicho kimetumika rasmi mara moja tu tangu mwaka 1949, na aliyesaidiwa ni Marekani yenyewe, siku moja baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001. Denmark ilipeleka askari wake Afghanistan, katika jimbo la Helmand lililokuwa na mapigano makali, na zaidi ya 40 hawakurudi wakiwa hai. Kwa nchi yenye watu wapatao milioni sita, hayo ni makaburi mengi. Mtu akiuliza kwa nini Wadenmark walisikia uchungu wa pekee Januari ile, aanzie hapo.

Mwezi mmoja tu baadaye mambo mengine mawili yaliongeza mashaka. Makamu wa Rais J. D. Vance aliwaambia viongozi waliokusanyika Munich kwamba hatari inayomtia wasiwasi zaidi kuhusu Ulaya haitoki Urusi wala China, inatoka ndani ya Ulaya kwenyewe. Na tarehe 24 Februari 2025, miaka mitatu kamili tangu Urusi iivamie Ukraine kwa vita kamili, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la Ukraine na wenzake wa Ulaya. Marekani ilipiga kura ya hapana, pamoja na Urusi.

Haki inadai tuseme pia kwamba malalamiko ya Wamarekani si ya uongo. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba hii mgeni amelima peke yake kwa miaka mingi, na sasa ni yeye anayewapa wenyeji jembe. Jenerali Dwight Eisenhower, aliyekuwa kamanda mkuu wa kwanza wa NATO, aliandika mwaka 1951 kwamba ikiwa baada ya miaka kumi majeshi ya Marekani yatakuwa hayajarudi nyumbani, mradi wote utakuwa umeshindwa. Mwaka 1971 Seneta Mike Mansfield alitaka askari walioko Ulaya wapunguzwe kwa nusu, akashindwa kwa kura. Mwaka 2014 wanachama walikubaliana kuelekea kutumia asilimia 2 ya pato la taifa kwa ulinzi. Wakati huo waliofikia kiwango hicho walikuwa watatu tu.

Na Ulaya ilipata nafasi ya kushika jembe lake mapema, ikaiacha. Mei 1952 mataifa sita, yakiwamo Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi na Italia, yalitia saini mkataba wa kuunda jeshi moja la Ulaya. Nyuma ya ujenzi wa Ulaya ile walikuwapo waamini wenzetu watatu tunaowajua: Robert Schuman, ambaye mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha hati inayotambua fadhila zake za kishujaa, Konrad Adenauer, na Alcide De Gasperi. Washington iliunga mkono, na Lundestad aliandika kitabu kizima mwaka 1998 kuhusu ajabu ya taifa lenye nguvu linalowahimiza walio chini yake waungane badala ya kuwagawa ili liwatawale. De Gasperi aliugua akiwa na hofu juu ya mkataba huo, akafa tarehe 19 Agosti 1954. Siku 11 baadaye Bunge la Ufaransa liliukataa. Tangu hapo Ulaya iliendelea na biashara, kilimo na sarafu ya pamoja, na suala la nani atamzuia adui likabaki kwa Wamarekani.

Sasa deni linalipwa kwa pupa. Machi 2025 Ujerumani ilibadilisha katiba yake ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yasifungwe na kikomo cha madeni. Juni mwaka huo, katika mkutano wa The Hague, wanachama wa NATO waliahidi kufikia asilimia 5 ifikapo 2035: tatu na nusu kwa majeshi yenyewe, moja na nusu kwa barabara, madaraja, mitandao na mambo yanayohusiana nayo. Hispania ilisema wazi kwamba haitafika huko.

Fedha hizo lazima zitoke mahali, na hapo habari hii ya mbali inafika kwenye zahanati zetu. Tarehe 25 Februari 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kupandisha bajeti ya ulinzi hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, na akasema fedha zitapatikana kwa kushusha misaada kwa nchi maskini kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Waziri wake wa maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu. Ujerumani na Uholanzi nazo zimepunguza misaada, na shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikoma kuendesha shughuli zake Julai 2025 kwa sababu zake nyingine. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulisema mambo mawili ambayo ni vigumu kuyashika pamoja: kwamba serikali haiwezi kunyimwa haki ya kujilinda pale njia zote za amani zimekwisha, na kwamba mashindano ya silaha ni mtego unaowaumiza maskini kupita kiasi. Mwaka 1965 kauli hizo zilisomwa kama fundisho. Mwaka 2025 zilikuwa mistari miwili ya bajeti moja.

Sitaki kuwahukumu wanaoishi karibu na mpaka wa Urusi. Ufini ilijiunga na NATO mwaka 2023 na Uswidi mwaka 2024, baada ya kukaa nje kwa miongo yote ya vita baridi, na sababu yao iko Bucha na Mariupol kwa yeyote anayetaka kuiona. Nao wamealika, na kwa wao nadharia ya Lundestad ingali hai. Yeye mwenyewe alifariki Septemba 2023, miezi mitano baada ya Ufini kujiunga. Ninachosema kwa mzee wangu ni kwamba undugu alioufundishwa shuleni ulikuwapo kweli, na ulisimama juu ya jambo moja ambalo Budapest na Prague hazikuwa nalo: aliye mdogo aliweza kuomba, na aliweza kukataa. Siku aliye mkubwa akisema kwamba kukataa kwako hakumhusu, karatasi ya mkataba inabaki ile ile, lakini mwaliko umekuwa kitu kingine.

Denmark imelijibu swali hilo kwa namna yake. Desemba 2023, wakati wa Rais Joe Biden, ilikuwa imetia saini mapatano ya kuruhusu askari wa Marekani kuwekwa katika vituo vitatu vya ndege nchini Denmark kwenyewe, jambo ililolikataa kwa miaka zaidi ya sabini. Mapatano hayo yalifika Bungeni Copenhagen tarehe 11 Juni 2025, miezi mitano baada ya kauli juu ya Greenland. Wabunge 94 waliyakubali, 11 waliyakataa. Waziri wa Mambo ya Nje, Lars Løkke Rasmussen, alikuwa ameshaeleza kwamba Denmark itaweza kuyavunja ikiwa Marekani itajaribu kuichukua Greenland au sehemu yake.